Mkeka wa Malenga

Ombi lililetwa na shangazi. Wifi yake alikuwa amefariki na kuacha shamba huko Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga, na watoto wake wawili wa kiume, watu wazima wenye wake na watoto, walikuwa wameacha kuamkiana. Mafungu ya mirathi yalijulikana. Sheikh alikwisha kuyapigia hesabu. Ugomvi ulikuwa mpaka upite wapi, nani aangukiwe na kisima, nani apate minazi. Wazee walikaa, wakasema, wakaambulia kutukanwa. Ndipo shangazi akafunga safari hadi Ngamiani, kwa mzee mmoja ambaye mtaa mzima unamjua kuwa ni malenga, akamwomba shairi. "Nataka maneno watakayoyasikiliza wote wawili mpaka mwisho," alimwambia. "Asiinuke hata mmoja."

Mzee huyo alikuwa karani bandarini kabla ya kustaafu. Alinikubalia niketi naye akitunga, kwa sharti kwamba nisimtaje jina wala nisiitaje familia ile. Nilikuwa na sababu ya kuomba. Shuleni tunazifundisha tamathali za usemi kwa orodha: tashbiha, sitiari, tashihisi, takriri, kinaya, chuku, kila moja na maana yake na mfano wake. Mwanafunzi akikutana nazo katika shairi hupiga mstari, hutaja jina, hupata alama. Mimi nilitaka kuziona kabla hazijapewa jina, zikiwa mikononi mwa mtu anayezihitaji kwa kazi.

Kazi yenyewe ilianza bila kalamu. Mzee alimketisha shangazi barazani akamhoji kwa utulivu mkubwa, na katika maswali yake yote shamba hakuligusa. Aliuliza marehemu alipenda kufanya nini jioni. Aliuliza watoto walilala wapi walipokuwa wadogo, nyumba ilikuwa na vyumba vingapi, nani alirithi sufuria, nani kabati. Shangazi alijibu huku akishangaa. Alipofika mahali pa kusema kwamba marehemu alikuwa msukaji mikeka, na kwamba mkeka mmoja mkubwa bado uko, ule ambao wale wawili walilala juu yake wakiwa watoto, mzee aliacha kuuliza. Akamwagizia chai.

Baadaye nilimwuliza kwa nini mkeka. Alisema alikuwa anatafuta kitu ambacho wote wawili wamekigusa, ambacho hakuna mmoja wao anayekidai. Minazi aliiacha kwa sababu imo ndani ya ugomvi, na kwa sababu nyingine pia: ukitunga juu ya watu wanaogombea mnazi, kila ajuaye ushairi atamkumbuka Abdilatif Abdalla. Kweli. Abdilatif alifungwa gerezani nchini Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa ajili ya waraka wake "Kenya: Twendapi?", na mashairi aliyoyatunga humo ndiyo yaliyotoka mwaka 1973 katika diwani ya "Sauti ya Dhiki". Mojawapo ni majibizano ya wawili wanaougombea mnazi, kila mmoja na hoja zake, na nyuma ya mnazi huo msomaji anaiona nchi nzima. Mzee wangu anaheshimu mti uliopandwa na mwenziwe. Akaenda kutafuta wake.

Vifaa vyake ni vichache: daftari la mistari mipana, kalamu moja ya wino wa bluu, na vidole. Raba hana. Neno likimshinda hulikata kwa mstari mmoja mwembamba ulionyooka, ili lisomeke bado chini ya mstari, kwa sababu, alisema, neno ulilolikataa kwenye ubeti wa kwanza huenda likakufaa kwenye ubeti wa tano. Ukurasa wake kwa hiyo unasomeka kama kumbukumbu za kikao: nani alipendekezwa, nani alikataliwa, nani aliitwa tena.

Mstari wa kwanza aliouandika ulikuwa huu: "Shamba ni kama mkeka". Aliuhesabu kwa kugusisha kidole gumba kwenye vidole vinne vya mkono wa kulia, kisha vinne vya kushoto: sha, mba, ni, ka, ma, m, ke, ka. Mizani 8. Ile "m" ya mkeka inasimama peke yake na inapewa kidole chake. Ile ya "shamba" imeegemea "ba", haipewi. Mikono yote miwili ikijaa bila kidole kubaki wala kupungua, kipande, yaani nusu ya mshororo, kimetimia. Kisha akauangalia mstari huo muda mrefu bila kuandika kitu.

Hiyo ni tashbiha, na sioni sababu ya kuidharau kama wengine wanavyofanya. Tashbiha ina uungwana wake. Inaviweka vitu viwili mezani, shamba huku na mkeka kule, na neno "kama" katikati linamkaribisha msikilizaji alinganishe mwenyewe. Inafaa sana pale ambapo mtu hajakiona kitu na unataka kumfikisha kwacho kwa njia ya kile anachokijua. Lakini wale ndugu shamba wanalijua mpaka shina la mwisho la mkorosho. Hawakuhitaji kuonyeshwa shamba.

Mzee akakata "ni kama", akaandika juu yake: "Shamba lenu ni mkeka". Vidole vilijaa tena, 8. Sasa ilikuwa sitiari. Nafasi ile ya kulinganisha imeondoka. Shamba limevaa mkeka na halivuliki. Mstari ulikuwa na nguvu zaidi, na mimi ningeuacha hapo. Yeye aliusoma kwa sauti mara mbili, akakata "Shamba lenu ni". Kwenye ukurasa likabaki neno moja, mkeka.

"Nikitaja shamba," alisema, "kila mmoja atasikia mpaka wake. Nikitaja mkeka watamsikia mama yao."

Ndivyo jazanda inavyozaliwa: upande mmoja wa ulinganisho unaondolewa kabisa, na msikilizaji ndiye anayeurudisha kwa akili yake. Nilikuwa nimeshalisoma jambo hilo vitabuni, lakini sikuwahi kuona likitendeka kwa hatua tatu kwenye mstari mmoja, kila hatua na sababu yake. Watunzi wa pwani wameitegemea njia hii tangu zamani. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, alitupa mafumbo yanayohusu siasa za mji wake, na waliolengwa walijijua. Shaaban Robert, mtoto wa Tanga hiihii, alitoa "Kusadikika" mwaka 1951, chini ya utawala wa Waingereza, akaiweka nchi yake ya dhuluma hewani ambako hakuna mkuu wa wilaya awezaye kudai kuwa ametajwa. Fumbo linamkinga mtunzi. Linamkinga pia anayeambiwa, maana anaweza kusikia aibu yake mbele za watu bila kuvuliwa nguo, na hilo la pili ndilo shangazi alilokuja kulitafuta.

Baada ya hapo ndipo kilipoanza kibwagizo. Mzee hutunga mshororo wa mwisho kwanza, kwa sababu ndio utakaorudiwa kila ubeti na kila ubeti lazima uufikie. Alianza na "Mkeka hukatwi mbili". Hesabu ilitimia. Akaimba kipande hicho polepole, kwa mahadhi ya kawaida tu, akasimama kwenye "hukatwi". Alikuwa ameifupisha "haukatwi" ili mizani isizidi. Inkisari ya namna hiyo inaruhusiwa kwa watunzi, lakini hapa ilizaa mashaka: "hukatwi" inaweza kusikika kama wewe ndiwe usiyekatwa. Msikilizaji angekwama hapo kwa nukta moja, na mzee alisema nukta moja inatosha kumpotezea mtu hamu. Akakata.

Akajaribu kwa njia ya kuwaambia wao wenyewe: "Mkeka mkiukata". Vidole 8. Utao, yaani kipande cha pili, ulichukua muda. Aliandika "utabaki tu vipande", akakata, kwani kila mtu anajua kitu kikikatwa hubaki vipande. Aliandika "mtalala wapi nyote", akakata, akasema hiyo ni ya ubeti wa mwisho, imekuja mapema. Akainuka, akazunguka ua, akarudi, akaandika bila kuketi:

Mkeka mkiukata, hauwi tena mkeka.

Hesabu: ha, u, wi, te, na, m, ke, ka. Mshororo mzima unaanza na mkeka na kuishia na mkeka. Takriri hiyo ndiyo inayofanya kazi yote. Neno la mwanzo ni kitu kizima. Katikati kuna kukata. Neno la mwisho ni lilelile, lakini sasa limekanushwa. Mtu anayekula nusu ya mkate bado amekula mkate. Mkeka hauna bahati hiyo. Sikuona neno moja la kupamba, na sijui kama mstari huo ungeweza kubeba hata moja.

Kibwagizo kikishakaa, vina vinajipanga vyenyewe kwa kiasi fulani. Kipande chake cha kwanza kinaishia na "ta", basi mzee aliamua mishororo mitatu ya juu iwe na "ta" kwenye utao, ili sauti ya nje ya mishororo hiyo iingie ndani ya mshororo wa nne, na ukwapi, kile kipande cha kwanza, uwe na "li". Akapiga mstari katikati ya ukurasa akakusanya maneno. Upande wa kushoto: mbali, kili, wawili, asili, akili, kali, mali. Upande wa kulia: fata, leta, pata, teta, pita, kata. Kisha akayapitia moja moja kwa ncha ya kalamu bila kuandika. "Mali" ndilo lililokuwa rahisi kuliko yote. Linajipachika lenyewe kwenye shairi la mirathi, lina kina, lina mizani 2 tu. Alilikata la kwanza. Ukitamka mali, fumbo limevuja.

Wapo wanaosema kanuni hizi za vina na mizani, ambazo Sheikh Kaluta Amri Abedi alizipanga katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, zinaufunga ushairi mikono. Euphrase Kezilahabi alionyesha kwa "Kichomi" mwaka 1974 kwamba shairi la Kiswahili linaweza kusimama bila kina hata kimoja, na mimi ni msomaji wake. Lakini pale mezani niliona kanuni zikifanya jambo lingine. Kila mara neno la kwanza lilipokataa kuingia kwenye vidole vinane, mzee alilazimika kutafuta la pili, na la pili mara nyingi lilikuwa la kweli zaidi.

Ubeti wa kwanza ulikuja kama simulizi ya mama. Mshororo wa juu ulikuwa "Mama alisuka kili, miyaa ikamkata", wa pili "Ukindu ukiwa mbali, akenda akaufata". Aliposoma yote miwili aligundua kwamba mama anasuka kabla hajaleta ukindu, akaipindua. Hilo lilikuwa jepesi. Zito lilikuwa neno miyaa, majani ya kusukia. Alilipenda kwa sauti yake, na alipenda jani liwe ndilo linalokata, liwe na mkono kama mtu. Lakini hakuwa na hakika. Akavaa viatu.

Tulikwenda kwa bibi mmoja msukaji, barabara kadhaa kutoka kwake. Walisalimiana kwa urefu, wakaulizana habari za wajukuu, kisha mzee akaomba aonyeshwe mkeka unavyoanza. Bibi alikuwa amekaa na fungu la ukindu uliokaushwa, mwingine umetiwa rangi, mwingine umeachwa mweupe, na beseni la maji pembeni la kuulainishia. Alichukua jani, akalichana kwa ukucha na kisu kidogo, chane zikatoka zote za upana mmoja bila yeye kuziangalia. Akaanzisha ukili, ule utepe unaosukwa, mbele yetu, vidole vikipishana, jani jipya likiingizwa pale la zamani linapokaribia kwisha ili kiungo kisionekane. Kili zikishakuwa ndefu, alisema, hushonwa ubavu kwa ubavu, na pembezoni hupindwa. Mpindo ndio unaoushika mkeka wote.

"Na ukiukata katikati?" mzee aliuliza.

Bibi alimtazama. "Uukate wa nini?" Kisha akajibu kwa vitendo. Alichukua kipande cha ukili kilichoharibika, akakikata kwa mkasi, akakitikisa. Ncha za chane zilibaki wazi, na suko likaanza kulegea kutoka pale pale palipokatwa. Hakulivuta kwa nguvu. Lilikuwa linafumuka lenyewe kadiri alivyoligusa.

Mzee akamsomea ule mshororo wa miyaa. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akasema neno moja baada ya jingine kama mtu anayehesabu nyuzi. Miyaa ni ya majamvi na vikapu. Huo mkeka unaousema ni wa ukindu. Na vidole vya msukaji havikatiki wakati wa kusuka, hukatika wakati wa kuchana. Akatuonyesha kidole chake cha shahada, ubavuni, alama nyembamba za zamani.

Mzee alishukuru, na njiani hakusema kitu. Alipofika alikata mshororo mzima na kuandika mwingine: "Akachana kwa akili, vidole akajikata". Alikuwa amepoteza tashihisi yake, lile jani lenye mkono, na sikumwona akisikitika. Alichopata badala yake ni kikubwa. Mama anajikata mwenyewe ili mkeka uwe mzima. Wana wanataka kuukata mkeka ili wao waridhike. Kitenzi ni kilekile, kata, kimekaa mwisho wa mshororo wa pili na kimekaa tena katikati ya kibwagizo. Kinaya chote cha ugomvi ule kimo kati ya hizo kata mbili, na hakuna mahali mtunzi aliposema "oneni aibu".

Hapo ndipo niliposadiki jambo ambalo sasa nalishikilia: jazanda ni lazima iwe kweli kwanza katika ulimwengu wake. Mkeka wa shairi uwe mkeka ambao bibi msukaji akiusikia hatatikisa kichwa. Ukiwa na kosa hata dogo katika uchanaji, yule ajuaye mikeka atasimama kwenye kosa na hatafika kwenye shamba. Wale ndugu ni watoto wa msukaji. Wangejua.

Mshororo wa tatu ulimshughulisha kwa sababu ya kifaa. Kipande cha kwanza kilikuja chepesi: "Leo nyinyi ni wawili". Cha pili alikiandika "na kisu mmekileta", sawa kwa mizani, sawa kwa kina. Lakini kisu, alisema, kinanuka damu, na mmoja wao ana hasira za karibu. Atadhani anaitwa muuaji. Akabadilisha kuwa "na mkasi mmeleta". Nilimwambia ule mkasi wa bibi ndio uliomkumbusha. Akacheka, akakubali, kisha akanyanyua vidole viwili vya mkono wake akavifunga na kuvifungua. Mkasi una makali mawili. Likiwa moja halikati. Ni mpaka yakutane.

Sikuwa nimeliona hilo. Taashira ilikuwa imekaa mbele yangu nikadhani ni kifaa tu, na ndivyo inavyotakiwa: kwa asiyeliona, mkasi ni mkasi na maana ya mshororo haipungui. Ubeti ukasomeka hivi:

Ukindu ukiwa mbali, mama akenda kufata,
Akachana kwa akili, vidole akajikata,
Leo nyinyi ni wawili, na mkasi mmeleta,
Mkeka mkiukata, hauwi tena mkeka.

Ubeti wa pili alitaka mkeka wenyewe uwe na jambo la kusema kwao. Aliandika "Mkeka nao walia", na mara hii alikata kabla hata hajahesabu. Tashihisi ya vitu kulia ni rahisi mno. Kila kitu katika mashairi ya wanaojifunza hulia, mlango, mvua, kaburi. Alinieleza kanuni yake, ambayo sijaikuta kitabuni. Ukikipa kitu utu, kipe tendo lililo karibu na kazi yake ya kila siku. Mkeka kazi yake ni kupokea watu. Basi uutamke utu wake kwa kupokea. Aliketi na wazo hilo mpaka adhana ya alasiri, akaenda msikitini, akarudi, akaandika mshororo ambao naona ni bora kuliko yote katika shairi lile:

Mkeka uliwalaza, haukuuliza jina.

Umelaza kama mama anavyolaza. Umewapokea wote wawili bila kuuliza nani mkubwa, nani wa mwisho, nani wa kisima, nani wa minazi. Mkeka halisi hauulizi jina la anayeulalia, hivyo hakuna uongo uliosemwa hapo. Na bado ni utu kamili, na ni lawama kamili. Nilisoma mstari ule mara nyingi.

Beti zilizofuata zilikwenda kwa kasi zaidi na sitazieleza moja moja. Katika mmojawapo aliandika kwamba machozi ya shangazi yalijaza bahari, akakata. Chuku, alisema, ni ya sifa na ya mzaha, harusini na kwenye majigambo. Huzuni ya kweli ikitiwa chuku watu huacha kuiamini. Aliweka badala yake kwamba shangazi alikunywa chai iliyopoa. Alikuwa ameliona jambo hilo kwa macho yake, siku ile barazani.

Lilipokamilika liliimbwa. Mzee aliliimba lote, beti saba, kutoka juu hadi chini, na kila mahali sauti ilipojikwaa alitia nukta ndogo pembeni bila kusimama. Vidole vinaweza kusema mizani imetimia na koo likakataa, kwa mfano pale irabu mbili zinapogongana kati ya neno na neno na mwimbaji akameza moja. Alikuta nukta nne. Akazirekebisha moja moja, akaimba tena lote tangu mwanzo. Beti zilizonyooka nazo hakuziruka. Nukta moja ilibaki. Akafunga daftari akasema shairi lilale.

Lililala zaidi ya juma. Shangazi alituma mtoto kuulizia, akajibiwa bado. Nukta ile ilipoondoka, mzee alinakili shairi kwenye karatasi safi kwa mwandiko wake wa kikarani, herufi zote za urefu mmoja, ukwapi na utao vikiwa vimetenganishwa kwa nafasi iliyonyooka kutoka mshororo wa kwanza hadi wa ishirini na nane. Akaikunja mara mbili, akampa mtoto apeleke. Yaliyofuata kati ya wale ndugu ni ya kwao, sitayaandika.

Ilikuwa desturi ya mzee kuzichoma karatasi za mwanzo akishanakili. Nilimwomba zile, akanipa huku akishangaa nataka nini na makosa. Ninazo hapa ninapoandika. Diwani zetu zinahifadhi mashairi yaliyokwisha, na ni vyema. Lakini ile hatua ya kutoka "kama" hadi sitiari, na kutoka sitiari hadi mkeka mtupu, iko kwenye maneno yaliyokatwa tu, na hayo karibu yote yametupwa au yamechomwa. Kama nyumbani kwenu au mtaani kwenu yuko mtu anayetunga, mwombeni awaachie karatasi zake zilizokatwakatwa, mziweke pakavu, na mkiweza mkae naye siku moja akiwa kazini mumwulize kila neno alilolikata amelikatia nini. Walimu wenzangu mtakaozipata, zipelekeni darasani kabla ya ile orodha.